Barua ya Bwana Shamba: Starehe ya Mavuno Ni ya Wote Waliolima



Poleni na kazi ya kuchuma pamba. Kazi hiyo naijua. Vidole huchomwa na vitumba vilivyokauka. Mgongo huuma. Jua nalo halina huruma.

Mwezi huu tuweke jembe chini kidogo. Tuzungumze juu ya kutoka. Nina maana ya kwenda kutazama sinema, na kula chakula hotelini, pamoja na familia na marafiki.

Huenda utashangaa. Utasema, "Bwana Shamba ameacha mbegu na samadi. Sasa anatufundisha kula hotelini?" Ndiyo, ndugu yangu. Fedha za sinema na za hoteli zinatoka shambani. Kwa hiyo nazo ni habari za kilimo. Mkulima anayejua kulima lakini hajui kutumia, amejua nusu tu ya kazi yake.

NANI ALILIMA?

Tuanze na swali. Pamba ya nyumba yako ililimwa na nani?

Tuhesabu pamoja. Baba alishika plau. Mtoto wa kiume aliongoza ng'ombe. Mama alipanda mbegu. Palizi ya kwanza mama alikuwapo. Palizi ya pili alikuwapo tena. Binti mkubwa alichota maji, akapika, akapeleka chakula shambani. Watoto walipotoka shuleni walisaidia kuchuma. Bibi alikaa kivulini, akatenga pamba safi na pamba fifi. Hakuna aliyekaa bure.

Siku moja nilikaa na kikundi cha wakulima chini ya mwembe. Tuliweka mabakuli mawili chini. Moja la wanaume, la pili la wanawake na watoto. Kila mtu alitupa punje moja ya mahindi kwa kila siku aliyofanya kazi katika shamba la pamba. Tulipomaliza, bakuli la wanawake na watoto ndilo lililojaa zaidi. Hakuna aliyebisha, maana punje zilikuwa mbele ya macho yetu. Mzee mmoja alisema polepole, "Kumbe mwenzangu ndiye mkulima."

Sasa swali la pili. Siku ya malipo, nani anakwenda mjini?

Katika nyumba nyingi ni baba peke yake. Anakwenda kuchukua fedha. Anakutana na rafiki zake. Wanakula nyama choma. Wanaagiza na vinywaji. Jioni wanaingia banda la video. Baba anarudi usiku. Nyumbani wamekula ugali na mlenda, kama jana. Watoto wanasikia harufu ya nyama katika shati la baba.

Sisemi baba asifurahi. Amefanya kazi, na furaha ni haki yake. Nasema hivi: kama jasho lilikuwa la wote, basi na furaha iwe ya wote. Hilo ndilo jambo moja ninalotaka ulikumbuke katika barua hii.

SINEMA ILIANZIA MKAHAWANI

Wapo wanaosema sinema na hoteli ni mambo ya watu wa mjini. Si kweli. Sikiliza historia hii fupi.

Onyesho la kwanza la sinema la kulipia linalojulikana sana lilifanyika Paris, nchini Ufaransa, tarehe 28 Desemba 1895. Filamu zilikuwa za ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière. Je, zilionyeshwa wapi? Zilionyeshwa katika chumba cha chini cha mkahawa! Kwa hiyo tangu siku ile, sinema na meza ya chakula ni majirani.

Watu waliolipa siku ile walikuwa 33 tu. Kila mtu alitoa faranga 1. Zilionyeshwa filamu 10 fupi. Kila moja haikufika hata dakika moja. Filamu moja ilionyesha wafanyakazi wakitoka kiwandani. Nyingine ilionyesha mtu akimwagilia bustani, na mtoto mtundu akakanyaga mpira wa maji. Nyingine ilionyesha baba na mama wakimlisha mtoto wao mchanga. Unaona? Filamu za kwanza hazikuwa za wafalme wala majemadari. Zilikuwa za watu wa kazi, bustani, na familia ikila pamoja.

Hata vijiji vyetu vina historia ya sinema. Kati ya mwaka 1935 na 1937, filamu za elimu zilitengenezwa Vugiri, katika milima ya Usambara, mkoani Tanga. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyokuwapo wakati ule. Filamu hizo zilizungushwa Tanganyika na nchi za jirani. Nyingine zilihusu kilimo na afya. Moja ilihusu kuweka akiba katika benki ya posta. Baadaye, kwa miaka mingi, magari ya sinema yalipita vijijini. Kitambaa cheupe kilifungwa, mashine ikawashwa, na kijiji kizima kikakaa chini kutazama.

Mijini watu walikwenda kwenye majumba ya sinema. Filamu za India zilipendwa sana. Moja ni Awara ya mwaka 1951. Inahusu hakimu aliyemfukuza mke wake mwenye mimba kwa sababu ya kumshuku. Mtoto akakulia katika shida, akawa mwizi. Watazamaji wengi wa Zanzibar na Bara hawakujua Kihindi. Hata hivyo hadithi waliielewa, kwa sababu mambo ya nyumba hayana lugha.

Dar es Salaam palikuwa pia na sinema ya magari, iliyofunguliwa mwaka 1966. Watu waliingia na magari yao uwanjani, wakatazama picha kubwa wakiwa wamekaa humo humo garini. Familia zilikuja na chakula. Watoto walicheza, watu wazima walizungumza, kisha picha ikaanza.

Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973. Bara ilianza mwaka 1994. Zilikuja pia kanda za video, kisha sahani za santuri, na sasa simu. Majumba mengi ya sinema ya zamani yamefungwa. Zipo kumbi mpya chache katika miji mikubwa. Katika miji midogo na vijiji, wengi hutazama katika mabanda ya video. Humo utaona filamu za Kitanzania kwa Kiswahili. Utaona na za nje ambazo msimulizi anazieleza kwa Kiswahili.

Basi sinema si kitu kigeni kwetu. Wala kutoka pamoja si anasa ya matajiri. Kazi yetu ni kukufanya kwa mpango.

PANGA KABLA FEDHA HAIJAINGIA MKONONI

Mwalimu Nyerere alitufundisha kwamba kupanga ni kuchagua. Maneno hayo yanafaa taifa. Yanafaa na nyumba yako.

Kaeni chini jioni moja, kabla ya siku ya malipo. Baba awepo, mama awepo, na watoto wanaoweza kuelewa wawepo. Chukueni daftari na kalamu. Wewe umejifunza kusoma na kuandika. Sasa elimu yako ifanye kazi.

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za mfano tu. Wewe weka namba za nyumba yako.

Tuseme mmevuna kilo 600 za pamba. Tuseme mmeuza kilo moja kwa shilingi 1,000. Mmepata shilingi 600,000. Andikeni hivi:

Madeni na pembejeo: shilingi 150,000
Chakula cha akiba: shilingi 200,000
Mahitaji ya shule: shilingi 80,000
Matibabu: shilingi 50,000
Akiba: shilingi 75,000
Matembezi ya familia: shilingi 45,000

Jumlisha mwenyewe. Utapata shilingi 600,000. Hakuna hata senti iliyopotea njia.

Angalia jinsi tulivyoanza. Tumeanza na deni, chakula, shule, matibabu na akiba. Matembezi yamekuja mwisho. Lakini yamekuja! Yana mstari wake katika daftari. Kitu chenye mstari wake hakiibi fedha za kitu kingine.

Sasa tuyagawe matembezi. Familia ina watu wazima 2 na watoto 3:

Nauli ya watu wazima, kwenda na kurudi, shilingi 4,000 kwa mtu: shilingi 8,000
Nauli ya watoto, shilingi 2,000 kwa mtoto: shilingi 6,000
Sahani 5 za chakula, shilingi 3,000 kila moja: shilingi 15,000
Soda 5, shilingi 1,000 kila moja: shilingi 5,000
Sinema, watu 5, shilingi 1,000 kila mmoja: shilingi 5,000
Fedha za dharura: shilingi 6,000
Jumla: shilingi 45,000

Shilingi 45,000 ni kilo 45 za pamba. Ni nyingi? Linganisha. Mtu akikaa na rafiki zake jioni moja, akatumia shilingi 15,000, kesho hakumbuki hata alichokula. Jioni 4 za namna hiyo ni shilingi 60,000. Hizo ni kilo 60 za pamba. Familia nzima ingekwenda mjini, ingekula, ingetazama sinema, na ingerudi na shilingi 15,000 mfukoni.

Fanya hesabu hiyo mbele ya mwenzako. Usimfiche. Mama anapoona namba, hoja ya ugomvi inaondoka. Baba naye anapoona namba, anajua mpaka wake ulipo.

Jambo jingine. Usiende mjini na fedha zote za mavuno. Ziweke benki, au kwenye simu yako, na namba yako ya siri isijulikane na mtu. Chukua zile za matembezi tu. Mwenye shilingi 45,000 mfukoni hawezi kutumia 100,000 hata akishawishiwa.

NENDENI LINI?

Maliza kazi kwanza. Pamba iwe imeuzwa. Masalia ya pamba yang'olewe na kuchomwa, ili wadudu wasipate pa kukaa mpaka msimu ujao. Ukiondoka na kazi shingoni, hata nyama haitakuwa na ladha.

Siku ya mnada ni nzuri, maana usafiri ni mwingi. Siku nyingine nzuri ni Nane Nane, sikukuu ya wakulima, tarehe 8 Agosti. Kwa wale wa Mwanza, maonyesho hufanyika katika viwanja vya Nyamhongolo. Hapo mtaona mbegu, mifugo na zana. Mtakula. Watoto watatembea. Mtarudi na furaha na maarifa pamoja.

Na nani abaki nyumbani kulinda mifugo? Pangeni zamu. Aliyebaki mwaka huu, atangulie mwaka ujao. Asibaki bibi kila mwaka, wala mama kila mwaka. Aliyebaki aletewe sehemu yake. Kifurushi cha nyama na chapati kinasema maneno mengi kwa mtu aliyebaki.

SOMA KWANZA, KISHA ULIPE

Mjini kuna maandishi kila mahali. Wewe uliyejifunza kusoma, huu ni mtihani wako, na utaushinda.

Soma kibao cha basi kabla hujapanda. Uliza nauli kabla gari halijaondoka. Omba tikiti. Soma tarehe na kiasi kilichoandikwa.

Ukifika hotelini, tazama ukutani. Mara nyingi bei zimeandikwa hapo. Soma taratibu. Wali maharage, bei gani? Ugali samaki, bei gani? Kama hakuna bei ukutani, muulize mhudumu kabla ya kuagiza. Sema kwa adabu, "Samahani ndugu, pilau sahani moja shilingi ngapi?" Hakuna aibu katika kuuliza. Aibu ni kubishana baada ya kula.

Nyama choma huuzwa kwa kilo. Hapo mkulima wa pamba ana faida. Wewe umesimama mbele ya mizani ya chama siku nyingi. Unajua kwamba mshale uanzie sifuri. Mizani unayoisoma ghalani, isome pia kwa mchoma nyama. Nyama ipimwe mbele yako kabla haijawekwa motoni. Mwache mtoto wako aliye darasa la nne aisome naye. Atakuwa amejifunza hesabu bila kuchapwa.

Ukimaliza kula, jumlisha kichwani au kwenye karatasi. Sahani 5 za shilingi 3,000 ni 15,000. Soda 5 za shilingi 1,000 ni 5,000. Jumla 20,000. Ukitoa noti 3 za shilingi 10,000, chenji yako ni 10,000. Ihesabu hapo hapo mezani.

CHAKULA KIWE SALAMA

Furaha ya siku moja isilete ugonjwa wa wiki nzima. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara huingia mwilini kwa chakula na maji machafu. Kwa hiyo, kabla ya kukaa, tazama mambo haya matano:

1. Je, kuna maji ya kutiririka na sabuni ya kunawa mikono? Kama hakuna, tafuta mahali pengine. Kila mtu anawe, hata mtoto mdogo.

2. Je, chakula ni cha moto? Chakula kinachotoa mvuke ni salama zaidi. Chakula kilichokaa tangu asubuhi kikapoa, kiache.

3. Je, chakula kimefunikwa? Nzi hutua chooni, kisha hutua kwenye andazi lako.

4. Je, maji ya kunywa yamechemshwa? Kama huna hakika, kunywa chai ya moto, au soda iliyofunguliwa mbele yako. Au beba maji yaliyochemshwa kutoka nyumbani.

5. Kachumbari imeoshwa kwa maji gani? Kama huna hakika, iache.

Usidhani hoteli kubwa ndiyo safi siku zote. Wapo mama lishe chini ya turubai ambao vyombo vyao vinang'aa na chakula chao ni cha moto. Tazama mikono ya mpishi, usitazame urefu wa ukuta.

Mtu akianza kuhara maji mfululizo au kutapika sana, mpeni maji yenye chumvichumvi mara moja. Kama hamna pakiti ya dawa hiyo, tengenezeni. Chukua lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Weka vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, visijae kupita kiasi. Koroga, ampe kidogo kidogo, huku mkimpeleka zahanati haraka.

CHAGUENI SINEMA, KISHA MUIZUNGUMZE

Sinema si zote za watoto. Tanzania imekuwa na sheria ya filamu tangu mwaka 1976, na ipo Bodi ya Filamu inayopanga filamu kwa umri. Uliza mlangoni, "Picha ya leo inahusu nini? Inafaa watoto?" Kama ni ya vita vya damu au mambo ya watu wazima, msiingie na watoto. Tena mtoto asikutwe katika banda la video wakati wa masomo. Mwenye banda anayempokea mwanafunzi mchana anaiba elimu ya kijiji.

Tazama na jengo. Je, kuna mlango wa pili wa kutokea moto ukizuka? Je, kuna hewa? Je, nyaya za umeme zimening'inia ovyo? Banda lililojaa watu na lenye mlango mmoja ni hatari. Ni bora kukosa picha kuliko kukosa mtu.

Waelezeni watoto jinsi sinema inavyofanya kazi. Filamu si kitu kimoja kinachotembea. Ni picha nyingi zilizosimama, zinazopita upesi sana mbele ya macho. Filamu za kawaida hupitisha picha 24 kwa sekunde moja. Kwa dakika moja ni mara 60, yaani picha 1,440. Jicho haliwezi kuzitenga, ndipo tunaona mtu anatembea. Waambieni pia kwamba anayepigwa risasi katika sinema hafi. Akimaliza, anafuta rangi nyekundu na kwenda kula. Mtoto akijua hivyo, hatajaribu kuruka kutoka juu ya paa kama mchezaji wa karate.

Njiani kurudi, msikae kimya. Ulizaneni maswali haya matatu. Nani alikosea katika hadithi ile? Kwa nini alikosea? Ingekuwa sisi, tungefanya nini?

Maswali haya ni madogo, lakini hufungua mlango. Mtoto anayeogopa kusema juu ya baba yake, anaweza kusema juu ya baba wa kwenye sinema. Mama asiyependa kulalamika, anaweza kusema, "Yule mke alionewa." Wewe sikiliza. Huenda nyumba yako inakuzungumzia.

NA MARAFIKI JE?

Kutoka na marafiki ni vizuri. Binadamu ni watu. Lakini hapa fedha nyingi hupotea, kwa sababu ya neno moja: ofa. Mmoja ameuza pamba leo, basi wote wanamfuata. Yeye anaona haya kukataa. Anaagiza, na anaagiza tena. Kesho rafiki hawaonekani, na deni la dawa za pamba lipo pale pale.

Dawa yake ni kuchanga. Kabla ya kwenda, semeni wazi, "Ndugu zangu, leo kila mtu atoe shilingi 5,000." Mkiwa 4, mna 20,000. Mnanunua chakula cha 20,000, mnakula, mnaondoka. Hakuna aliyeonewa. Rafiki wa kweli hatakasirika. Anayekasirika, huyo alikuwa rafiki wa pamba.

Asiyekuwa na fedha msimwache kwa dharau. Mwaka huu huenda mvua ilimpita kando. Mkitaka kumlipia, mlipieni wote kwa pamoja. Mzigo wa wengi ni mwepesi.

Akina mama nao wana marafiki. Wapo katika vikoba, katika kwaya, katika vikundi vya bustani. Mama akisema, "Baba, Jumamosi tunakwenda na wenzangu kula pilau mjini, tumechanga wenyewe," usinune. Shika wewe watoto siku hiyo. Mara ngapi yeye amewashika wewe ukiwa mjini?

KAMA FEDHA HAZITOSHI

Kuna miaka mibaya. Mvua hukosa, au bei hushuka. Mwaka kama huo, futa safari ya mjini bila aibu. Usikope ili ukale hotelini. Deni la nyama hulipwa wakati nyama imeshasahaulika.

Lakini msifute kukaa pamoja. Chinja jogoo mmoja. Tandika mkeka chini ya mti. Mwalike jirani. Bibi asimulie hadithi, mtoto asome gazeti hili kwa sauti, na wengine wasikilize. Kama kijijini kuna onyesho la video la bei ndogo, nendeni wote kwa miguu. Kitu kinachotafutwa si hoteli. Kinachotafutwa ni kwamba kila aliyeshika jembe aone kuwa amekumbukwa.

Nimetembea mashamba kwa zaidi ya miaka 20. Nimeona hivi: nyumba ambayo mama na watoto hupata sehemu yao ya mavuno, palizi haichelewi. Hakuna anayesukumwa kwenda shambani. Kila mtu anajua kwamba jasho lake lina mstari katika daftari.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba yako, nani hufanya kazi gani katika shamba la pamba? Wekeni mabakuli mawili, mhesabu kwa punje.

2. Mwaka jana, ni nani katika familia yako aliyekwenda mjini kwa furaha? Nani hakwenda?

3. Andika hesabu ya matembezi ya familia yako. Tumia nauli na bei za kwenu. Ni kilo ngapi za mazao?

4. Mtu akikuomba ofa siku ya malipo, utamjibuje bila kuvunja urafiki?

Wasalimie wote nyumbani. Wape salamu hasa wale waliochuma pamba. Mwezi ujao tutazungumza juu ya kuhifadhi mahindi ghalani yasiliwe na dumuzi. Kalamu na daftari zisikae mbali.

Ni mimi ndugu yenu,
Bwana Shamba